Dereva Aliyepita Bomba la Maji

Chumba chetu cha utafiti kilikuwa nyuma ya maktaba ya chuo, na kazi yake ilikuwa kutafuta njia za kuwafikia watu kabla hawajajiua. Tulikuwa wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza. Mimi niliwazidi wote umri, kwa sababu sekondari niliisoma peke yangu nyumbani, kwa vitabu vya kuazima, nikachelewa. Kabla ya kuingia mitaani tulifanya mazoezi ya kuulizana swali lenyewe waziwazi, bila kulizungusha: je, umewahi kufikiria kujiua? Mwenzangu, msichana aliyekulia Bujumbura, alinicheka.

"Unauliza kama askari wa kizuizi cha barabarani! Hapa nishaanza kutafuta kitambulisho."

Nilirudia mpaka akaacha kucheka.

Mimi na yeye tulipewa mtaa wa Gitega, hapa hapa mjini, kwa kuwa tulijua Kiswahili na madereva na wachuuzi wengi wa pale walikizungumza. Alasiri moja tulimhoji dereva wa lori, mtu wa makamo. Tangu vita vifunge barabara ya kaskazini lori lake lilikuwa limesimama, na mkewe alikuwa amerudi kwao. Alijibu kila kitu kwa utulivu. Tulipofika kwenye lile swali alisema, "Hapana. Mimi iko sawa," akatuongezea chai.

Tulipoaga, akainuka kutusindikiza. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Mwenyeji humtoa kidogo, kisha hugeuka. Yeye alifika mwisho wa ua, hakugeuka. Akapita duka la mkaa. Akapita bomba la maji, ambapo wanawake waliopanga foleni walimtania kwa kwenda mjini na kandambili.

"Mzee, hapa panatosha, asante," nilisema.

"Twende tu, twende. Nyinyi muko na haraka gani?"

Haraka nilikuwa nayo. Nyumba nyingine ilitungoja, na jioni kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Mwalimu wetu alikuwa ametuelekeza kwamba mahojiano yafanyike ndani, mlango umefungwa, na yakiisha yameisha. Lakini tulikuwa tayari kwenye lami na mtu huyu bado anatafuta la kusema: mara breki za lori, mara bei ya petroli. Miguu yangu ilitaka kuondoka na kichwa kilikataa. Mwenzangu akasimama katikati ya wapita njia.

"Mzee, unaogopa kurudi nyumbani?"

Mzee akarudia habari za breki. Basi mwenzangu akamuuliza tena lile swali, neno kwa neno, teksi zikipiga honi.

"Ndiyo," alisema. "Leo. Nikibaki pale peke yangu, leo."

Mwenzangu alimuuliza ni nani anayeweza kuja kukaa naye. Mzee akamtaja dada yake, mwenye duka dogo mtaa wa Kabeza. Mwenzangu alipanda teksi kumfuata. Mimi nikarudi na mzee. Tulikaa uani, alivyotaka yeye. Kila niliposimama kutazama njia, naye aliinuka, hivyo nikajilazimisha kuketi. Alinieleza barabara ya Mombasa mji kwa mji, na kila alipoishiwa nilimrudisha nyuma, nikidai sikuelewa. Jua lilikuwa linashuka. Niliwaza kama teksi zitakuwepo, kama dada yuko, kama atakubali.

Dada aliingia bila hodi, akihema, mwenzangu nyuma yake. Hakumuuliza kaka yake lolote.

"Mashati yako yako wapi?" Akayatia kwenye mfuko. "Kaka, vaa viatu. Teksi inangoja."

Asubuhi mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho, akatwaa koti, akaenda Kabeza kumwona mwenyewe. Aliporudi alituagiza tusimkatalie tena mtu yeyote anayetaka kutusindikiza. Hata hivyo sikutulia. Nilifungua vitabu nikavifunga, nikatembea, nikarudi. Jumapili nikaenda Kabeza.

Nilimkuta mzee nyuma ya duka, sahani mbele yake.

"Ugali gani huu?" alikuwa akimwambia dada yake. "Mombasa wangekupeleka jela."

"Basi kapike wewe, bwana mjuzi!"

Akasukuma sahani, akainuka, akaingia jikoni. Dada yake alisikiliza hadi sufuria ilipolia, ndipo akamwita kwa sauti:

"Na maharagwe uyachambue! Yana mawe!"