Niliifungulia Ukumbini Sauti Niliyoahidi Kuificha

Nimekosa, na nilikosa nikijua. Naanza hapo ili usije ukadhani huko mbele nitakuletea habari za bahati mbaya. Kwa miezi mingi niliwaambia watu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Wakanionea huruma, wengine wakaniombea. Leo nawarudishia huruma yao.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu hapa Mwanza. Nafundisha na kutafiti mawasiliano katika vikundi vidogo na taasisi. Yaani namna watu kumi au kumi na watano wanavyokaa pamoja mpaka wakaamua jambo: nani anasema, nani ananyamaza, na huyo anayenyamaza ana nguvu gani. Nimelisomea jambo hili mpaka vitabu vikaniishia. Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba sikujua neno moja linaweza kufanya nini ndani ya kikundi. Nilijua kuliko yeyote aliyekuwa ukumbini siku ile.

Utafiti wangu ulinipeleka kwenye mwalo mmoja mdogo nje ya mji, ukielekea Kigongo. Pale mitumbwi inashusha dagaa asubuhi, na wanawake wanawachukua kwenda kuwaanika. Kulikuwa na kikundi cha wanawake kumi na wanne. Nilikaa nao karibu mwaka mzima, siku mbili kila wiki, na kinasa sauti changu na daftari. Walinifundisha kugeuza dagaa juani. Walinicheka sana, wakisema nageuza kama mtu anayesonga ugali.

Mwenyekiti wao alikuwa Mama Nyangeta, mtu wa Mara, amepita miaka sitini. Kikundi alikianzisha yeye. Zamani wanawake wa pale walikuwa wakigombania mchanga wa kuanikia mpaka wanachaniana nguo, yeye akawakalisha chini mmoja mmoja mpaka wakakubali kugawana. Sauti yake ilikuwa inafika kwenye mitumbwi. Kwenye mkutano akisema jambo, wenzake wote waliitikia, "Sawa mama," na mkutano ukaisha.

Lakini mimi niliona kitu. Mambo hayakuwa yakienda kama alivyosema. Alikataa hiki, baada ya wiki mbili kinafanyika taratibu, na yeye mwenyewe anaona ni sawa tu. Nikajiuliza, sasa uamuzi unafanyika wapi?

Aliyenijibu ni katibu wao, Kabula. Msukuma, mama wa watoto watatu, mpole, amemaliza kidato cha nne. Mchana mmoja tulikaa wawili tu kwenye kivuli cha ghala. Kabla hajasema lolote aliangalia kile kinasa sauti, akaniuliza nani atakuja kukisikiliza.

Nikamwambia, "Mimi peke yangu."

Hayo maneno matatu niyaandike vizuri, maana ndiyo kesi yangu yote.

Kabula akaniamini. Akanieleza kwamba Mama Nyangeta hajui kusoma, na ni jambo ambalo pale mwaloni hakuna anayelisema. Barua zikija kutoka kwa afisa uvuvi au kwa kijiji, katibu ndiye anayemsomea. Na yeye Kabula alikuwa anaruka. Pakiwa na jambo analojua mwenyekiti atalikataa kwa hasira, analipita, anasoma linalofuata. Kisha wakienda kuosha mabeseni ziwani, yeye na wenzake wawili wanakubaliana namna ya kulileta polepole, mpaka Mama Nyangeta alione kama wazo lake mwenyewe.

Ndivyo walivyopata vichanja. Zamani walikuwa wanaanika chini kwenye mchanga, na mvua ikinyesha dagaa wanaoza. Barua ilisema wajenge vichanja vya miti na nyavu. Kabula alijua mama atasema vichanja ni dharau kwa mchanga aliowapigania. Akairuka ile sehemu. Miezi mitatu baadaye vichanja vilisimama, na Mama Nyangeta ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wageni.

"Barua namsomea nusu," Kabula alisema kwenye kinasa sauti. "Nusu nyingine tunaibeba sisi. Tukimsomea yote kikundi kitakufa, na yeye ndiye mama yetu."

Ndugu yangu, kama wewe ni mtafiti utanielewa. Nilirudi nyumbani Pasiansi siku ile nikiwa nimelewa bila kunywa. Ilikuwa ndiyo sentensi niliyoitafuta miaka yote. Kikundi chenye mkutano wa mbele ya watu na mkutano wa kweli, na katikati yake mtu mmoja anayechuja maneno kwa upendo. Nikaandika makala. Majina nikayabadilisha, mwalo nikauficha. Mpaka hapo nilikuwa bado mtu safi.

Kisha chuo kikaandaa kongamano. Mkuu wa idara akataka tualike vikundi tulivyovitafiti, ili wananchi waone kazi ya chuo. Nikawaalika wale wanawake. Walikuja sita wakiwa na vitenge vya sare ya kijani, na Mama Nyangeta mbele yao. Kabula hakuja, mtoto wake alikuwa anaumwa.

Niliwasilisha mada yangu vizuri. Nilichagua sauti isiyo na madhara, kipande cha mkutano ambapo wote wanasema sawa mama, watu wakacheka kidogo. Nikadhani nimemaliza. Ndipo akasimama mwenzangu mmoja wa idara, mtu ambaye kwa miaka alikuwa akiniambia utafiti wangu ni hadithi za mwaloni. Akasema kwa upole ule unaochoma kwamba kikundi kile hakina lolote la kufundisha nadharia. Mwenyekiti anaamuru, wengine wanatii, basi, tumekwisha kuyasoma hayo. Akauliza kama nina ushahidi wa kitu kingine.

Ushahidi nilikuwa nao. Ulikuwa kwenye kompyuta iliyo mbele yangu, faili lenye jina la Kabula.

Sasa sikiliza vizuri. Baadaye niliwaambia wote, mkuu wa idara, wenzangu, hata mchungaji wangu, kwamba nilidhani wale wanawake wametoka kwenda kunywa chai. Ni kweli watano walikuwa wametoka. Lakini mlangoni, nyuma kabisa, niliona kitenge kimoja cha kijani. Nilimwona Mama Nyangeta. Nikajiambia yuko mbali, hasikii vizuri, ni kipande kifupi. Nilijiambia mambo mengi kwa sekunde mbili. Kisha nikafungulia.

"Barua namsomea nusu..."

Yule mwenzangu akavua miwani. Ilipokwisha watu wakapiga makofi, na mimi, Mungu anajua, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda.

Makofi yalipopungua, Mama Nyangeta alikuwa anakuja mbele kwenye njia ya katikati. Hakuwa anakimbia. Aliomba kipaza sauti kwa mkono, kijana wa mitambo akampa. Yule mama mwenye sauti ya kufika kwenye mitumbwi aliongea kwa sauti ya chini mpaka watu wakainama kumsikia.

"Mwalimu alinialika, nikaja," alisema. "Sikujua nimealikwa kuwa mfano."

Akarudisha kipaza sauti, akatoka.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kuna mtu ukumbini alikuwa ameirekodi ile sauti kwa simu. Kabla wale wanawake hawajafika nyumbani, ilikuwa imeshafika mwaloni kwenye makundi ya simu. Kabula aliisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu ya jirani, akiwa amempakata mtoto. Wavuvi wakamwita Mama Nyangeta mwenyekiti nusu. Yeye akaacha uenyekiti wiki ile. Waliokuwa upande wake wakamkataa Kabula, na waliokuwa upande wa Kabula wakaona wenzao hawana shukrani. Katika mwezi mmoja, wanawake kumi na wanne wakawa makundi matatu na wengine hawamo popote. Ugomvi wa mchanga ukaanza upya. Kabula alifunga vitu vyake akahamia kwa wazazi wake Sengerema. Nilimpigia, hakupokea. Nilimwandikia, akasoma, hakujibu.

Na mimi, je? Mimi nilipongezwa. Yule mwenzangu alinipa mkono mbele ya watu akasema sasa nimethibitisha. Makala ikakubaliwa. Nikaambiwa jina langu limo kwenye orodha ya kupandishwa cheo.

Malalamiko ya watu wa mwaloni yalipofika chuoni, mkuu wa idara aliniita ofisini kwake. Alikuwa ametoa fomu ya ridhaa aliyosaini Kabula, amepiga mstari kwa kalamu nyekundu pale paliposema sauti zinaweza kutumika kwa kufundishia. Alinieleza kwamba niko salama kabisa. Niandike barua fupi kueleza hivyo, nisiende mwaloni, nisiombe msamaha kwa maandishi, maana kuomba msamaha ni kukubali kosa, na chuo kina jina la kulinda.

Niliiangalia ile fomu. Mimi ndiye niliyeiandika. Mstari ule niliuweka ili nisisumbuliwe na kamati ya maadili ya utafiti, na Kabula alisaini kwa sababu nilimwambia kwa mdomo, mimi peke yangu. Karatasi ilisema moja, mdomo ukasema lingine, na yeye akaamini mdomo. Watu wetu huamini mdomo. Nalifundisha hilo kila mwaka, mhadhara wa tatu.

Nikamwambia mkuu wa idara siandiki. Akanionya kwa heshima, mara mbili. Nikaiondoa makala yangu, nikaandika kwa mkono wangu kwamba nilivunja ahadi na kwamba nilimwona yule mama mlangoni. Cheo kikaenda kwa mwingine. Wenzangu wakasema nimejivua nguo barabarani. Sawa. Heri mimi nijivue mwenyewe kuliko kumvua mwanamke mwingine ukumbini.

Kisha nikaenda mwaloni. Nilimkuta Mama Nyangeta peke yake kwenye kichanja kimoja, anachambua dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu, bila kuinua macho.

Nilimwambia yote, na lile la kumwona mlangoni nikalisema pia. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Kabula nilimsamehe wiki ile ile. Alinidanganya ili kikundi kiishi. Wewe ulisema kweli ili upigiwe makofi."

Nimesoma vitabu vingi vya taaluma yangu. Hakuna kilichowahi kunieleza tofauti hiyo kwa sentensi mbili.

Sikuomba anisamehe. Nilimuuliza kama kuna kitu naweza kufanya. Akafuta mikono, akaingia ghalani, akatoka na mfuko wa plastiki uliojaa barua, za miaka yote.

"Nisomee," alisema. "Zote. Usiruke."

Nilikwenda alasiri saba. Nilisoma kila neno, hadi mihuri na tarehe. Nyingine zilimchekesha. Nyingine zilimkasirisha, akasimama akatembea mpaka majini akarudi. Tulipofika kwenye ile barua ya vichanja, alinisimamisha, akanifanya niirudie.

"Hii ningekataa," alisema. Kisha akaongeza, "Na ningekosea."

Hiyo ndiyo siku pekee aliyonipa chai.

Usitegemee nikuletee mwisho mtamu. Kikundi hakikurudi. Kabula hajarudi. Mama Nyangeta alimtumia salamu Sengerema kwa mtu, na salamu zikajibiwa, lakini yaliyo kati yao wanayajua wao wenyewe. Kwangu mimi Kabula hajasema neno hadi leo, na ana haki. Mama Nyangeta ananipokea, lakini hajasema amenisamehe, na mimi sijamuuliza, wala sitamuuliza.

Sasa kila muhula, siku ya kwanza darasani, nawasimulia wanafunzi wangu habari hii bila kuficha kosa langu. Nimeandikiwa barua niache, eti nalichafua jina la idara. Barua nimeisoma yote, sikuruka. Siachi. Wanitoe darasani kama wanataka, nitaisimulia nikiwa nje ya geti.

Na kwako wewe unayesoma, mtafiti, mwalimu, mchungaji, katibu wa kikundi, au mtu tu mwenye simu. Kama mtu amekuambia jambo kwa sababu uliahidi litaishia kwako, usimtafutie mstari kwenye fomu. Usijiambie yuko mbali hasikii. Siku utakapochokozwa mbele za watu na jibu la kumnyamazisha mchokozi wako likawa ni siri ya mwenzio, shindwa. Kaa chini ukiwa umeshindwa, wakucheke, uende zako nyumbani. Mimi nilishinda siku ile, na wanawake kumi na wanne ndio walioulipia ushindi wangu.