Ukurasa Uliobandikwa kwa Uji

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Kampala na sanduku nililodhani lina viatu. Kumbe ni mchezo. Ndani mlikuwa na ramani, vijisanamu vya watu wenye mapanga, dadu zenye pembe nyingi kuliko akili yangu, na kitabu kinene cha kanuni. Watu mnazunguka meza, mmoja anasimulia safari, wengine mnajifanya wasafiri, na dadu inaamua nani anaruka korongo na nani anatumbukia. Lakini hakuja kunionyesha hayo. Alitaka shauri. Kitabu kikuu, alisema, kina uchawi kidogo mno. Viko vitatu vya nyongeza, uchawi mtupu, na yeye na wenzake wamekubaliana kutumia kimoja tu.

"Babu, wewe ungechukua kipi?"

Aliuliza kwa mzaha, kama mtu anavyomuuliza mbuzi njia. Na wewe unanijua: mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nikifika Kikorongo nikaona malori yamepumzika pale njia panda, nahesabu nimesafiri, narudi Kasese kulala siku mbili. Ila swali lake lilinigusa mahali. Mimi, bwana, nimewahi kuchagua kitabu cha uchawi. Nilichagua vibaya.

Nilikuwa naishi Bwera kwa nyanya yangu, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Msimu wa kahawa kazi yangu ilikuwa moja: kulinda mikeka. Nyanya ameanika kahawa uani, mimi nafukuza kuku na kutazama mlima. Ukiona wingu linashuka, unapiga kelele, mikeka inakunjwa mbio, inaingizwa barazani, halafu mnakaa kungoja mvua ikatike, na ile harufu ya kahawa mbichi iliyochacha kidogo kama pombe ya jana. Kungoja huko ndiko kulikozaa mchezo wetu.

Tulikuwa watatu. Mimi, binti wa muuza vitenge, ambaye familia yake ilitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, ikapanga chumba jirani yetu, na mtoto wa mwenye lori, aliyejua jina la kila kilima kutoka Kasese hadi mpakani na hakukubali usahau kwamba anajua. Mchezo tuliuita Kupanda. Kila mmoja alikuwa na msafiri wake, na sote tulikuwa tunapanda kwenda kwenye theluji ya kileleni, ile tuliyoiona asubuhi anga likiwa safi kabla mawingu hayajaifunika. Badala ya dadu tulirusha punje tano za kahawa. Punje iliyomenywa ina mgongo wa mviringo na tumbo bapa. Yakitokea matumbo matatu au zaidi, umefaulu; yakipungua, umeteleza. Kanuni niliziandika mimi, katika daftari la hesabu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitwa mwenye mlima. Msafiri wangu alikuwa mwindaji asiyeogopa kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa jogoo wa nyanya.

Tulipanda wiki nyingi. Tukakwama kwenye ufa mkubwa, hatua chache tu chini ya theluji, na daftari langu halikuwa na namna ya kuuvuka. Tukakubaliana: tunahitaji uchawi, na uchawi uwe na daftari lake la nyongeza. Kila mtu akaenda kuandika la kwake. Yakaja matatu.

Tulijaribu kuyatumia yote pamoja. Tuligombana mchana mzima kama mtu anayeruka angani anaweza kulazimishwa kunawa miguu. Basi, lazima moja. Nyanya akasikia zile kelele.

"Nani iko na kitabu ya uchawi mu nyumba yangu?" Mwiko ulikuwa mkononi.

"Ni kanuni tu, nyanya," nikasema, nikirudi nyuma.

"Uchawi iko na kanuni? Basi soma, nisikie."

Akakaa juu ya gunia. Mtoto wa mwenye lori akasoma la kwake: kila ajabu na masharti kumi na mawili, unawe, ugeukie mlima, usiwe umekula samaki, useme tafadhali mara saba. Nyanya akatikisa kichwa. "Huyu, chui atamukula akingali ananawa."

Nikasoma la kwangu. Lilikuwa fupi: sema unachotaka, rusha punje, unapata.

"Hii ni ya mutu muvivu," nyanya akasema, na wenzangu wakacheka mpaka wakashikana.

La binti wa vitenge lilikuwa la ajabu kweli. Kila uchawi ulikuchukulia kitu. Ukitaka kuona ndani ya ukungu, unatoa jina lako, na mpaka kesho yake tunakuita "wewe" tu. Ukitaka chui akupishe, unatoa ladha ya chakula ulichokula leo: unaieleza yote, halafu huruhusiwi kuitaja tena. Siku ya majaribio nilitoa samaki wa ziwani, wa Kahendero. Jioni nyanya akapakua samaki huyo huyo na, naapa, ulimi ulisita. Mwishoni mwa daftari kulikuwa na kurasa mbili alizozibandika kwa uji wa muhogo.

"Na hii ukurasa ya kubandikwa, iko na nini?" nyanya aliuliza.

"Ile haiko ya kusoma, koko," binti akajibu, akimwita nyanya kama wanavyoita kwao. "Tunafungua siku ya kuvuka tu. Mutu anatoa kitu kwanza, ndiyo anajua."

Nyanya alirudi jikoni polepole, akigeuka mara mbili kuliangalia lile daftari.

Wiki ile ile tukasikia kwamba familia ya vitenge inarudi Butembo Jumamosi. Kwa hiyo tulikuwa na Ijumaa peke yake ya kuvuka, sote watatu pamoja. Mvua ikaja vizuri, mikeka ikaingia, tukapiga kura. Kila mtu alijipigia mwenyewe. Katika kanuni zangu niliandika kwamba kura zikilingana, mwenye mlima anakata shauri. Wote wawili wakanitazama.

Nikachagua la kwangu. Nilisema ni kwa sababu muda ni mfupi. Ukweli, niliogopa ule ukurasa, na yule mwindaji wangu shujaa alijificha nyuma yangu.

Nikasema: sote turuke ufa. Nikarusha. Matumbo matano, yote juu, jambo ambalo halikuwa limetokea hata siku moja.

"Tumefika?" aliuliza mtoto wa mwenye lori.

"Tumefika."

"Theluji iko namna gani?" aliuliza binti.

Nikapekua daftari langu. Huko juu sikuwa nimeandika kitu. Mvua iliendelea kunyesha, na tulikuwa na mchana mzima mikononi bila mahali pa kwenda.

"Tulifika," binti akasema, akilipangusa daftari lake, "lakini hatukupita fasi yoyote, hata pahali pamoja."

Jumamosi lori la baba yake rafiki yetu liliibeba familia ile kuelekea mpakani. Binti alikaa juu ya marobota ya vitenge, daftari kwapani. Ningeweza kukimbia barabarani nikamwomba aufungue ule ukurasa. Lakini wingu lilikuwa linashuka. Nikakunja mikeka.

Nilimuuliza mjukuu kama kati ya vitabu vyake kiko kinachomdai mtu kitu. Akapekua. "Hiki, Babu. Lakini watu mtandaoni wanasema kinachelewesha sana."

"Chukua hicho."

Nilitaka kumwonyesha punje za kahawa zinavyorushwa, nikazunguka mtaa mzima sikupata hata tano. Siku hizi kahawa inauzwa ingali nyekundu, siku ile ile inapochumwa. Haianikwi uani, wala hakuna mtoto anayetazama mlima kwa ajili yake. Mtoto wa mwenye lori sasa ni mzee mwenzangu hapa Kasese, na tukikutana anashikilia kwamba kurasa zile zilikuwa tupu, binti alitutania tu. Nambishia kila mara.

Nyanya hakuwahi kuzungumzia mchezo wetu tena, ila mara moja, miaka mingi baadaye, alipokuwa mgonjwa kitandani na mimi nikimpozea uji. Alinitazama kama mtu aliyekumbuka chungu motoni.

"Ile ukurasa," akasema, "mulifungua?"

"Bado, nyanya."