Udongo Uliotiwa Dawa

Kumlisha mjusi si kazi. Nzi wapo, panzi wapo, na katika cité yetu, mtaa wa Waafrika wa Élisabethville, ambako kila ua ulikuwa na shimo lake la taka, hawakupungua hata siku moja. Kazi ni kumtafutia cha kulalia. Mjusi anaonja dunia kwa ulimi: anachokikanyaga ndicho anachokilamba, na anachokilamba kinaingia tumboni. Haya niliyajua nikiwa na miaka kumi, na laiti ningeyajua vizuri zaidi.

Nilikuwa na mijusi wawili, dume mwenye kichwa cha buluu na jike wa kahawia. Wazo lilitoka kwa Wazungu. Mama alimshonea nguo mke wa mfanyabiashara mmoja Mgiriki, na siku tulipopeleka magauni niliona pale barazani sanduku la kioo lenye mchanga mweupe, mjusi amejilaza ndani yake kama bwana mkubwa. Wivu ulinishika. Mjusi wao alilala pazuri kuliko mimi! Nikawatega wangu kwenye ukuta wa choo, nikawaweka ndani ya sanduku la sabuni nyuma ya banda la kuku.

Kuwaficha ilikuwa lazima. Mama alikuwa na mimba, na kwa kuwa mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika, nyumba nzima ilimtunza kama yai. Baba alifanya kazi kwenye reli, treni ya Sakania, anaondoka siku tatu anarudi moja. Kwa hiyo aliyetawala nyumba ni shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Kasai kumsaidia mama na akabaki kutuamuru sote. Shangazi alisema mwanamke mwenye mimba asikae nyumba moja na mjusi, la sivyo mtoto atazaliwa na shingo legevu, anatikisa kichwa tu. Alisema hivyo akiwa ameshika mwiko, na mimi niliuogopa ule mwiko kuliko hiyo shingo.

Nilianza na unga wa mbao kutoka kwa seremala. Ulimkwama jike kooni, nikautoa kwa kijiti huku nalia. Mchanga wa mtoni haukukauka. Baada ya wiki vidole vyao vikaota ukungu. Changarawe nyeusi, zile takataka za shaba walizomwaga barabarani, zilishika jua mpaka zikawachoma tumbo. Nikabaki na udongo wa kichuguu. Mtu wa Katanga haambiwi sifa za udongo huo: laini, hauna mawe, hauoti ukungu. Tuliufyatulia matofali, tulikandikia nyumba, na wanawake wenye mimba waliula. Mama naye aliula. Kila wiki alinituma na kikapu kwenye kichuguu kimoja cha njia ya Kasapa, mwendo wa saa nzima, halafu akaukausha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akauvunja vipande na kuvitia kwenye kopo.

Mchwa wa kichuguu kile waliuma mpaka damu. Niliwahurumia mijusi wangu, na nilijihurumia mwenyewe zaidi. Ndipo nikakiona kingine, karibu na kwetu, mahali Mzungu mmoja mjenzi alipokuwa anasafisha kiwanja. Kilikuwa kirefu kuliko nyumba yetu, na juu yake hapakuwa na hata mchwa mmoja. Nikamuuliza mfanyakazi aliyekuwa anachimba msingi, mbona hivi? Hakuinua hata kichwa.

"Muchwa banakufa bote. Muzungu alitiamo dawa."

Dawa. Kwetu dawa ilikuwa kwinini, ilikuwa sindano ya masista, ilikuwa yale majani machungu ambayo shangazi alituchemshia mtu akikohoa. Ya panya nayo ni dawa, naam, na leo kila mjuaji ataniambia hivyo. Aniambie basi. Mimi nilisikia dawa, nikafikiri ni udongo uliotibiwa, udongo bora kuliko wote. Nikajaza kikapu, nusu ya mijusi, nusu ya mama, na ile saa ya kwenda njia ya Kasapa nikaimaliza kwenye mchezo wa kamba.

Mama aliuonja akasema umekauka vizuri.

Siku ya nne dume alipoteza buluu yake. Alikaa mdomo wazi, hafukuzi nzi hata akimtua puani. Alipokufa nilisema ni baridi, maana ilikuwa miezi ya baridi. Jike alimfuata kesho yake. Nikawazika, nikamwaga ule udongo nyuma ya banda, na kuku wakaja kuuchakura na kuudonoa. Asubuhi kuku wawili walikuwa wamelala miguu juu. Shangazi akasema ni ugonjwa wa kuku, umeingia mtaani. Mimi nikamtazama mama. Siku zote hizo alikuwa anatapika, na watu wote walisema ni mimba.

Sikusema siku hiyo. Kesho yake pia sikusema. Ningeueleza vipi udongo bila kuwaeleza mijusi? Nilichofanya, Mungu anisamehe, ni kuiba vipande kwenye kopo na kuvitupa chooni. Mama alipoona kopo limepungua akanipa kikapu niende nikalete vingine. Nikazunguka mtaani, nikarudi mikono mitupu, nikasema mvua imeharibu njia. Mvua, katika mwezi ambao hata wingu halionekani! Alikuwa mgonjwa mno, hata kunicheka hakuweza.

Siku ya tatu nilimkuta ameshika ukuta, mkono mmoja tumboni, mwingine unatafuta kopo. Nikaangua kilio na kusema yote: mijusi, kuku, mfanyakazi, dawa.

Nilingoja kofi. Mama alikaa chini, akanivuta karibu, akanifungua mdomo kwa vidole akatazama ulimi wangu.

"Na weye, ulikula?"

Nikasema sikula. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, na nilipoapa ndipo akaniachia. Akamwaga kopo lote shimoni, akajifunga kitenge, tukaenda hospitali kwa miguu, tukipumzika kila baada ya nyumba tatu nne. Njiani aliniambia nisifungue mdomo, atasema yeye. Kweli aliwaambia: amekula udongo uliotiwa dawa ya mchwa. Walimlaza siku hiyo hiyo.

Mtoto alitoka wiki ile, kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kiume, hana sauti, na shingo yake haikuwa na kasoro yoyote. Aliishi tangu alfajiri mpaka jua lilipofika utosini. Baba aliposhuka kwenye treni ya Sakania tulikuwa tumekwisha kuzika.

Kwenye matanga shangazi alitoka nyuma ya banda na lile sanduku la sabuni. Ndani mlikuwa bado na mabaki ya udongo, na gamba la jike alilokuwa amelivua. Akaliweka katikati ya wanawake, baba amesimama mlangoni, akauliza ni nani aliyefuga wadudu hawa, na ni nani aliyeleta udongo ule nyumbani. Macho yote yakanigeukia mimi. Nilijikojolea pale pale, msichana mkubwa wa miaka kumi. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka, uso kwa ukuta. Akajigeuza, akaegemea kiwiko.

"Sanduku iko ya mutoto, ya kuchezea. Udongo ni mie nilichimba. Niliona uvivu wa kwenda mbali."

Shangazi alitema mate chini akatoka.

Tangu siku ile shangazi hakula tena chakula kilichopikwa na mama. Alijipikia kwenye chungu chake. Kwenye bomba la maji wanawake walimwita mama aliyekula mtoto wake, si kwa kunong'ona, na yeye alijaza ndoo yake akaondoka. Baba hakumpiga. Heri angempiga. Alikula, akanawa, akarudi kwenye reli, na karibu mwaka mzima alimtuma mtoto, yaani mimi, kumwambia mama alichotaka. Mimba nyingine haikuja.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano shangazi alilirudia neno lile la kula mtoto mbele ya wageni, na hasira ikanipanda kichwani. Nikasimama. Nilitaka kumtupia ukweli wote usoni, yeye na mwiko wake. Mama akanishika mkono, akanivuta mpaka jikoni, akafunga mlango.

"Nilizika mutoto moja. Unataka nizike wa pili?"

Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka baba akafa, mpaka shangazi akafa, mpaka mama mwenyewe tukamlaza chini. Sasa juzi binti yangu ametoka msibani kwa ndugu zetu, ananiuliza kama ni kweli bibi yake alikula sumu kwa uvivu wake, mtoto akafa. Nikaweka kikombe chini, nikamwambia.

Bibi yako hakuwa mvivu hata siku moja. Mvivu nilikuwa mimi. Yeye alijua, na miaka yote tuliyoishi pamoja, hata tulipogombana, na tuligombana sana, hakunirudishia neno hilo.