Saa Sita za Kwenda Mumbai

Kwetu msafiri akiondoka, nyumba haifagiliwi mpaka isikike kwamba amefika, asije akafagiliwa njiani. Ndivyo mama yangu alivyolelewa, na enzi zake safari ilikuwa ya kwenda Mpui kufuata maharage: mtu anaondoka asubuhi, jioni ufagio uko kazini. Hakuna aliyewaza Mumbai.

Mwanangu alikuwa na miaka minne na tundu kwenye moyo. Hospitali iliyokubali kumpasua ilikuwa huko India, nafasi ya kumsindikiza ilikuwa moja, akaenda mke wangu. Mimi nikabaki Sumbawanga na mama, duka langu la vitambaa pale Majengo, na simu.

Waliondoka na basi Jumatatu alfajiri. Kufika Jumatano sebule ilikuwa imejaa vumbi na maganda ya karanga alizokula mtoto akingoja kuondoka. Mimi uchafu unanikera. Dukani nafagia mara tatu kwa siku. Nikawa nakaa, nasimama, nakanyaga maganda, nafungua simu. Nikaandika: Dar es Salaam mpaka Mumbai, umbali na muda wa ndege. Jibu likaja: kilomita elfu nne na mia kadhaa, kama saa sita angani. Moyo ukatulia kidogo. Basi la kutoka kwetu kwenda Dar peke yake linakula zaidi ya mara mbili ya hizo!

Ndege yao iliruka siku hiyo saa mbili asubuhi. Nikahesabu saa sita kwa vidole, nikaongeza moja ya kutembea uwanjani. Saa tisa alasiri nikatangaza, "Mama, wamefika."

"Wamekwambia?"

"Simu imeonyesha."

"Simu siyo mke wako."

Nikapandwa na hasira. Nikashika ufagio, nikafagia sebule nzima hadi kizingitini, nikazoa, nikaenda kumwaga kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Mama alijifunika kitenge mpaka shingoni, akageukia ukuta.

Saa kumi na moja ujumbe wa mke wangu ukaingia: "Bado tuko Addis Ababa. Ndege ya Mumbai ni usiku. Anapumua kwa shida kidogo, ila anacheza."

Zile saa sita zilikuwa za ndege inayokwenda moja kwa moja. Yao haikuwa hiyo, wala sikuwa nimeuliza. Niliogopa.

Mimi siamini mambo ya ufagio, na hata leo nasema hivyo. Lakini nilichukua beseni, nikashuka shimoni na shati langu la dukani, upepo ukinipiga vumbi usoni, nikaanza kuokota maganda ya karanga, nikiyachambua kutoka kwenye maganda ya viazi. Nikarudi nayo, nikayatawanya sebuleni kwa mkono. Mama akaja kukagua.

"Chini ya kiti kile yalikuwa mengi zaidi," akasema.

Nikarudi shimoni.

Kesho yake asubuhi ujumbe mwingine ukaja: wamefika, mtoto amelazwa, upasuaji ni Jumatatu. Mama aliniletea ufagio mwenyewe, uso umemchangamka. Nikaupokea, nikauegemeza ukutani.

"Mama," nikamwambia, "tungoje kwanza mtoto atoke kwenye upasuaji."