Habari Inayonyamaziwa Sokoni

Mwaka ule wa hamsini na tisa, karani wa chama cha wakulima wa Kasongo ndiye aliyeamua lini waandishi wa magazeti waitwe. Kila asubuhi, ukungu wa mto Lualaba ukiwa bado umelala juu ya mapaa, alizunguka sokoni mikono mgongoni, akiuliza bei ya mawese. "Karani, bei unaijua, mafuta yako iko wapi?" wanawake walimtania. Naye, kwa sauti ya mtu anayeota, aliingiza katikati ya bei habari aliyofikiria kuwaitia waandishi. Wakiipokea kwa kelele, aliiacha. Waandishi hawatoki Bukavu, alisema, kuja kusikia kinachojulikana. Wakichoshwa mara moja tu, hawarudi.

Siku moja Régina alifika kutoka kijiji cha Wamaza. Mume wake alikuwa amekataa kulima pamba, askari wa Wabelgiji wakamchukua, na hakuna ofisi iliyokiri kuwa naye. "Karani, ita watu wa gazeti leo! Ao mupaka na miye nipotee?" "Ngoja kwanza, mama." Akaenda sokoni, akamtajia muuza mawese jina la yule mume. Mwanamke akafunika mafuta yake bila neno. Wa pili akafunika, na wa tatu, mpaka mstari mzima ukawa kimya kama maji ya kina kirefu. Siku hiyohiyo karani alipeleka telegramu Bukavu kuwaita waandishi.

Waandishi walipofika, Régina ndiye aliyesita mlangoni. "Na askari wakinifunga?" Karani hakumwahidi kitu. Aliweka viti viwili mbele ya waandishi, akakalia kimoja, akasubiri. Régina akaja akakaa, akaanza na jina la mumewe.