Tarakimu Sita kwenye Laini ya Mshikaji

Acha kuniambia nilikuwa mjinga. Ndiyo, jina la tovuti tulilisajili kwa laini ya mshikaji wangu, kwa sababu yeye alikuwa na kitambulisho cha taifa na mie nilikuwa bado nasubiri changu. Kiwalani tunaishi hivyo. Angekuwa hai ningefanya vilevile.

Tovuti ni ya mjomba, mchonga vinyago. Inakaa kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza yangu, na yote nilijifunza mwenyewe kwenye simu. Mjomba aliipenda mpaka akawa anachonga anwani yake chini ya kila kinyago. Mteja akikigeuza huko kwake, anaiandika, anaagiza kingine.

Halafu simu za watu zikaanza kusema tovuti si salama. Nikatengeneza cheti cha usalama, kile kinachoiambia simu tovuti ni ya kweli, nikakisaini. Ikawa mbaya zaidi, ukurasa mwekundu kabisa.

"Shida ni saini, mjomba."

"Si umesaini?"

"Nimesaini mie."

"Sasa barua ya utambulisho mtu anajiandikiaga mwenyewe? Nenda kwa mtendaji wa mtaa."

Alikuwa sahihi. Zipo taasisi zinazosaini, simu za dunia nzima zinaziamini, tena bure. Ila wanataka uthibitishe jina ni lako. Kuthibitisha mpaka niingie kwenye akaunti tuliyosajilia jina, na akaunti inatuma tarakimu sita kwenye laini ya mshikaji. Laini ilifungwa baada ya msiba, ikauzwa upya.

Nikapiga. Akapokea mama mmoja.

"Shikamoo mama. Kuna meseji imeingia hapo, ina tarakimu sita. Naomba unisomee."

"Marahaba. Siku hizi mnaanza na shikamoo?"

"Mie si tapeli, mama. Hiyo namba ilikuwa ya rafiki yangu. Amefariki."

"Poleni. Wiki iliyopita mwenzio alifiwa na babu. Tafuta kazi, baba."

Akacheka. Ningenyamaza, ila kumcheka mshikaji wangu? Nikamtukana mama wa watu. Akakata. Tangu siku hiyo kaniblock, na nikitumia simu ya mtu mwingine, akisikia sauti tu anakata.

Nimemwambia mjomba tubadili jina. Kaniuliza vile vinyago vilivyoshauzwa atavifuata wapi. Bado anachonga anwani ileile, na hakuna anayeagiza.

Yule mama namuwaza sana. Kapigiwa na mtu asiyemjua, asiye na wa kumdhamini, anayesema niamini. Wewe ungenisomea?