Panya Kumi na Mmoja Waliofutwa

Katika jengo lile la utafiti watu wawili waliwajua panya. Mmoja aliwajua kwa tarakimu, akapewa kiyoyozi. Mwingine aliwajua kwa harufu, akapewa ufagio. Huyu wa ufagio aliitwa Mzee Panya, wala hakuchukia. Jina ni jina. Miaka kumi na tisa alibadilisha maranda kwenye vizimba, akatia maji, akatoa waliokufa. Shule hakuiona.

Yule wa kiyoyozi aliitwa Daktari, ingawa hakuwahi kutibu hata kuku. Kazi yake ilikuwa kuiingiza homa kwenye kompyuta. Mtu akijikata, alieleza, chembe za kinga mwilini hupiga kelele kuitana, na mahali pale panavimba na kuwaka. Kisha huja nyingine za kusema basi, tulieni. Daktari alizipa zote herufi na hesabu: nani apige kelele kiasi gani, nani anyamaze lini. Kompyuta ikachora mstari. Ulipanda, ukashuka, ukalala. Aliubandika ukutani, pale ambapo wenzake hubandika picha ya harusi.

Mzee aliuona siku aliyopeleka funguo. Ukamkera. Miaka ya nyuma mkewe alijikata kidole na kisu cha jikoni. Homa ilipanda, siku ya tatu ikashuka. Hospitali wakasema amepona, nendeni nyumbani. Siku ya tano Mzee akamzika.

Na panya ndivyo walivyofanya. Walidungwa sindano ya kuwavimbisha, wakatolewa damu mara nne, ya mwisho saa ya arobaini na nane. Wengi walipona. Kumi na mmoja homa iliwashuka, wakachangamka, kisha wakafa kabla ya damu ya mwisho. Aliyewatoa vizimbani ni Mzee.

Akamuuliza Daktari hao kumi na mmoja wako wapi kwenye mstari. Daktari akamjibu kwa upole wa kumbembeleza mtoto: safu zao kwenye jedwali la takwimu zilipungukiwa na damu ya mwisho, kwa hiyo zilifutwa, kama afanyavyo mtafiti yeyote makini.

"Imekosekana kwa sababu wamekufa," Mzee akasema.

"Ndiyo, mzee wangu. Ndiyo maana hazijakamilika."

Msomi akikosea, hukosea kwa ufasaha.

Laiti mstari ungebaki ukutani. Tangu mke wa Mzee afariki, hospitali ilikuwa imejifunza kuwalaza watu siku mbili zaidi baada ya homa kushuka. Sasa muuguzi mkuu wa hospitali hiyo angekuja Ijumaa kuuona mstari. Akiukubali, siku hizo mbili zingefutwa. Homa ikishuka, kwaheri.

Ijumaa Mzee alitumwa kupanga viti. Akavipanga, kisha akakalia kimoja. Wasomi wakamtazama kana kwamba ufagio ndio umekaa. Daktari alisema nusu saa nzima, akiutazama mstari wake kama bwana harusi. Muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee akasimama.

"Mama, ndani ya kompyuta hiyo hajafa hata mmoja. Kwenye vizimba vyangu wamekufa kumi na mmoja. Wote homa ilikuwa imeshashuka."

Mkurugenzi wa jengo la utafiti akakohoa, akaeleza kwamba huyu ni mtu wa usafi. Muuguzi mkuu hakumgeukia. Alimuuliza Daktari kama ni kweli. Daktari akaanzia kwenye safu, akapitia ubora wa takwimu, akazunguka huko na huko, akaishia kwenye ndiyo.

Yule mama akavua miwani.

"Mwanangu, hao wako wasiokamilika ndio ninaowafunika shuka mimi. Warudishe kwanza, ndipo uniite."

Akachukua mkoba, akaenda zake. Zile siku mbili za wagonjwa zikabaki.

Mkurugenzi alimwandikia Mzee barua ya onyo. Hakuweza kuisoma, kwa hiyo haikumuuma.

Jumatatu Daktari alishuka kwenye chumba cha panya kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, leso puani, daftari mkononi. Akauliza wa kwanza alikufa lini. Mzee akamwonyesha kizimba, akasema saa ya thelathini baada ya sindano. Daktari akaandika, akauliza wa pili.

"Usiende mbio," Mzee akamwambia. "Huyo wa kwanza bado. Andika kwamba homa ilikuwa imeshuka, alikuwa anakula."